Mnapanga langalanga ya kujitenga, Afrika mmeitupa wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Nilijiapiza nisiandike maana najua nitamwaga povu, ila uzalendo umenishinda.

Siku ya nne leo watu humu wanapanga ligi ya kufikirika: tuseme timu za langalanga (Formula 1) zimegombana na FIA, shirikisho la magari duniani, zimejitoa, zimeanzisha langalanga yao wenyewe. Zitakimbia wapi? Nimesoma orodha kumi na moja za sakiti, yaani viwanja vya mbio, nikizihesabu kwenye daladala ya Mbagala mpaka nikapitilizwa kituo. Spa, Monza, Suzuka, Silverstone. Spa, Monza, Suzuka, Imola. Kuna jamaa kaipa Ujerumani sakiti mbili. Afrika? Sifuri. Yaani hata kwenye ndoto, ambako hakuna anayetoa shilingi mfukoni, hatupewi hata wikiendi moja?

Na asije mtu hapa kuniambia Afrika haina sakiti. Kyalami ipo, kati ya Johannesburg na Pretoria, kilomita 4.522 kwa mzunguko. Langalanga ilianza kukimbia pale 1967, ikaendelea mpaka 1985, ikarudi 1992 na 1993, basi. Mwaka 2014 ilipigwa mnada, mwenye nayo mpya akaifumua na kuijenga upya. Juni 2025 FIA wakapitisha michoro ya kuipandisha daraja la kwanza, lile linalotakiwa kwa langalanga. Sasa nyie mnasubiri nini, barua?

Kinachonichoma zaidi ni kwamba mnajiita wakongwe wa huu mchezo na historia hamuijui. Huku kujitenga kulishajaribiwa. Mwishoni mwa 1980 timu za FOCA, chama cha timu kilichoongozwa na Bernie Ecclestone, zilitangaza ubingwa wao kwa sababu ya ugomvi na FISA, tawi la michezo la FIA. Tarehe 7 Februari 1981 zikakimbia kwa kanuni walizozitaka wenyewe, bila Ferrari, bila Renault, bila Alfa Romeo. Wapi? Kyalami! Carlos Reutemann wa Williams akashinda, Nelson Piquet akawa wa pili. FISA wakagoma kuzihesabu zile pointi.

Haya, chukueni kalamu. Mwisho wa msimu ule Piquet alikuwa bingwa kwa pointi 50, Reutemann 49. Enzi hizo mshindi alipata 9, wa pili 6. Ongeza za Kyalami: Reutemann 58, Piquet 56. Ubingwa wa dunia umepotelea kwenye sakiti ya Afrika, halafu mtu anaandika orodha ya ligi ya kujitenga na Kyalami hata kwenye akiba haimo.

Najua kuna atakayedakia kwamba ile ilikuwa Afrika Kusini ya makaburu. Ni kweli, na mimi ni mtoto wa nchi iliyokuwa mstari wa mbele kupambana nao, sina cha kuwatetea. Mwaka 1985 timu za Renault na Ligier ziligoma kwenda na zilifanya la maana. Lakini utawala ule ulikwisha 1994. Tangu hapo langalanga haijakanyaga pale hata mara moja. Walikimbia wakati wa makaburu, wakaacha walipoondoka. Hilo nalo mlitafakari.

Tukija kwenye biashara, orodha zenu ndiyo kabisa hazisimami. Sakiti nyingi mlizoweka zina mikataba na wenye biashara ya langalanga hiyo hiyo mnayoikimbia. Zikiwapokea, kesho yake mko mahakamani. Timu nane zilipotangaza kujitoa Juni 2009, wikiendi ya Silverstone, kisa kikomo cha bajeti cha pauni milioni 40, magazeti yalitaja sakiti kama Imola, Jerez na Magny-Cours. Hazikuchaguliwa kwa uzuri wa sura. Zilikuwa zimeshaachwa na langalanga, hazikuwa na ndoa na mtu. (Siku chache baadaye wakapatana Paris, ratiba ikafia hapo.) Kwa kipimo hicho Kyalami inatakiwa iwe juu kabisa, maana imeachwa tangu 1993! Tena saa za Johannesburg ni sawa na za Paris wakati wa kiangazi chao, kwa hiyo Mzungu haamki usiku kuangalia. Na ile sakiti iko mita 1,500 na ushee juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, injini zinahema. Ya turbo inajisukumia hewa, haiumii sana: ndipo dereva Jabouille na Renault yake ya turbo alipoanza wa kwanza kwenye mstari 1979, na mwaka uliofuata mwenzake Arnoux akashinda. Mnalia kila siku kwamba mbio zimekuwa za kutabirika, dawa hii hapa hamuitaki.

Badala yake kuna mtu kaweka Nordschleife, ile sakiti ndefu ya zamani ya Nürburgring, Ujerumani. Kilomita 20.8, magari ya siku hizi, baada ya ajali iliyomuunguza dereva Niki Lauda pale 1976. Mkuu, umewahi kuendesha kitu chochote nje ya pleistesheni? Watu wa bendera utapanga wangapi? Gari la wagonjwa litafika kona ya mwisho baada ya dakika ngapi? Na likes umepata 43, ndiyo maana nimekasirika.

Mods, naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa orodha, utazikwa. Mwenye hoja ya kuiacha Kyalami aiweke hapa kwa namba. Wa Nordschleife aanze yeye, namsubiri na watu wake wa bendera.