Naomba ushauri: vijana wa kanisani wanasema Biblia ya Kiingereza ni kazi ya wafalme. Niwajibu nini?

Mzee wa Zamu:
Shalom wana jamvi, habari za jioni.

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Mbeya, naongoza kipindi cha Biblia cha vijana kila Jumatano. Wengi wako vyuoni, wanasoma Biblia ya Kiingereza kwenye simu. Juzi tulikuwa Mathayo 16:18, "juu ya mwamba huu nitalijenga kanisa langu." Kijana mmoja akanyoosha mkono, akasema hilo neno "church" limo kwa amri ya mfalme, na kwamba King James, ile tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611, ilitengenezwa kulinda kiti cha enzi. Mwenzake akadakia kwamba hiyo ndiyo pekee iliyo safi, nyingine zote zimechakachuliwa. Wakarushiana maneno mpaka muda ukaisha. Wakati wa kutoka binti mmoja akanifuata mlangoni, simu mkononi, akaniuliza taratibu, "Sasa baba, mimi nisome ipi?"

Sikuwa na jibu, na swali lile limeninyima usingizi. Nikiwaeleza kila kitu naogopa kuwavunja moyo. Nikinyamaza, watayaokota mitandaoni kwa watu wasiowatakia mema. Mwenye ujuzi anisaidie.

Kalamu ya Mwanzi:
Shikamoo mzee. Kijana wako hajasema uongo, ila ameshika nusu ya habari. Amri hiyo ipo. Mwaka 1604 Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza aliitisha mkutano wa viongozi wa kanisa kwenye kasri la Hampton Court, na baadaye wafasiri wa hiyo Biblia ya King James wakapewa kanuni 15. Ya tatu inasema maneno ya zamani ya kikanisa yabaki, na mfano uliotajwa ni huohuo: "church" lisigeuzwe kuwa "congregation".

Kwa nini neno moja liwekewe kanuni? Hapo ndipo umpeleke kwa William Tyndale. Alichapisha Agano Jipya la Kiingereza mwaka 1526 huko Worms, Ujerumani, kwa sababu kwao Uingereza kutafsiri bila kibali cha askofu kulikuwa kumepigwa marufuku tangu mwanzoni mwa miaka ya 1400. Penye neno la Kigiriki *ekklesia* aliandika kusanyiko badala ya kanisa. Penye *presbyteros* hakuandika padri, mwishowe alitulia kwenye "elder", yaani mzee. Mzee wangu, cheo chako hicho unachokibeba ndicho kilichokuwa kinagombewa! Kama kanisa ni watu waliokusanyika na kiongozi wao ni mzee, basi mamlaka ya maaskofu yanabaki yameegemea wapi? Na James aliliona hilo vizuri. Palepale Hampton Court alisema: pasipo askofu, hapana mfalme.

Wafungulie Matendo 19. *Ekklesia* ileile inatajwa kwa ule umati wa Efeso uliokuwa unapiga kelele kwa ajili ya Artemi. Biblia yetu ya Muungano haikuandika "kanisa" pale, imeandika "mkutano" na "kusanyiko". Waache waone wenyewe kwamba mfasiri huchagua, hata wa kwetu.

Nyakato:
Nafuatilia. Huku Kitale ugomvi ni huuhuu.

Mtumishi wa Songea:
Mzee, mimi ni Mkatoliki, nina ombi moja tu. Usiisimulie habari hii kana kwamba upande mmoja ulikuwa malaika na mwingine mashetani.

Tyndale aliandika "repent" mahali ambapo Kanisa lilizoea kusema fanyeni kitubio. Msikilizaji wa Kiswahili anaielewa tofauti hiyo mara moja: kutubu unaweza kutubu chumbani kwako, kitubio kinakupeleka kwa padre. Thomas More, msomi Mkatoliki wa Uingereza, alipompinga hakuwa anagombania herufi, aliona sakramenti inang'olewa. Kisha angalia mwisho wao. More alikatwa kichwa mwaka 1535 kwa kukataa kumkiri Mfalme Henry wa Nane kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza. Tyndale naye alikuwa ameandika kupinga mfalme huyohuyo kumwacha mkewe, na mwaka 1536 akanyongwa na mwili wake kuchomwa huko Vilvoorde, karibu na Brussels. Na Wakatoliki Waingereza walipotoa Agano Jipya lao mwaka 1582, walilitolea Rheims, Ufaransa, maana nao walikuwa uhamishoni.

Mama Tumaini:
Baba mzee, mimi ni mwalimu wa sekondari. Vijana hawashiki miaka, wanashika kitu wanachokiona. Tafuta picha ya ukurasa wa mbele wa Biblia Kuu (Great Bible) ya 1539, Biblia ya Kiingereza ya enzi za Henry huyohuyo, uichapishe kubwa. Juu kabisa amekaa Henry, anagawa Biblia mkono huu na huu. Chini kuna watu wa kawaida, nao wanapaza sauti "Mfalme aishi!" Hata gereza limo. Waulize kitabu hiki kinamtukuza nani.

Halafu wasomee hili. Mwaka 1543 sheria ilikataza wanawake wa kawaida, mafundi, vibarua na wakulima wasisome Biblia ya Kiingereza. Miaka mitatu baadaye mchunga kondoo mmoja, Robert Williams, akiwa malishoni huko Saintbury, aliandika ndani ya kitabu alichokuwa nacho kwamba alikinunua wakati Agano lilipokatazwa wachunga kondoo wasilisome, na kwamba anamwomba Mungu aurekebishe upofu huo. Mimi nikiisoma hiyo machozi hunilenga. Mfalme aliitaka Biblia kwa sababu zake, na mchunga kondoo yule aliitaka kwa sababu zake.

Mzee wa Zamu:
Marahaba Kalamu, na asanteni nyote. Mtumishi, nimekuelewa, nitalishika. Sasa huyu wa "King James pekee" nimfanyeje? Ni mtoto mzuri, simtaki aaibike mbele ya wenzake.

Kalamu ya Mwanzi:
Usibishane naye. Mpe kazi ya kusoma dibaji ya King James ya 1611, waliyoiandika wafasiri wenyewe. Wanasema hata tafsiri duni kabisa ya Kiingereza ni neno la Mungu. Wanatoa mfano: hotuba ya mfalme bungeni, ikitafsiriwa Kifaransa, Kiitaliano au Kilatini, inabaki hotuba ya mfalme, hata kama wafasiri hawalingani ufasaha. Aisome yeye mwenyewe mbele ya wenzake. Hapo ameheshimiwa, na wafasiri anaowapenda ndio wamemjibu.

Mzee wa Zamu:
Nimeipata, nimemtumia leo asubuhi. Amejibu, "Sawa baba, nitaisoma." Picha nimeipeleka steshenari. Na yule binti nimemwambia Jumatano aje na simu yake na Biblia ya Muungano ya bibi yake, tuanze na Matendo 19.