Shokapu ya mbele imekauka: oili ya injini, oili ya pikipiki au grisi?

Mteremko_Loleza (Mbeya)
Wakuu, naomba msaada. Baiskeli yangu ya mlimani ni ya mtumba, shokapu ya mbele ni RockShox ya hewa, bomba za juu mm 35. Juzi nimeshuka Loleza, kufika chini nikapitisha kidole kwenye bomba: kavu, hata utando wa oili hakuna. Na ukikandamiza usukani polepole inakwama kwanza, ndipo inashuka. Nataka kufungua miguu ya chini (yale mabomba ya nje ambamo bomba za juu huingia) mwenyewe. Ninavyo vitu vitatu: oili ya injini 0W-30 sintetiki, oili ya shokapu za pikipiki iliyoandikwa 10W, na kopo la grisi ya beringi EP2 la Mwanjelwa. Kipi kiende kwenye sili, kipi kwenye bushi? Jirani anasema nipulizie WD-40 tu yaishe.

Fundi_Uyole
Kijana wangu, WD-40 usiipeleke huko kabisa. Ni nyepesi, inaosha ile grisi iliyokaa kwenye midomo ya sili, halafu vumbi linapata njia. Siku mbili utaona laini, baadaye bomba linachubuka. Bomba likishachubuka, sili mpya haisaidii, itavuja tu.

Sasa elewa kwanza kazi zenyewe. Sili inazuia uchafu, inataka grisi laini kidogo kwenye midomo. Bushi ziko ndani zaidi, mbili kila mguu, hizo zinateleza kwa oili inayorukaruka humo ndani. Katikati, chini ya sili, kuna sponji ya duara. Sponji ndiyo inabaki na oili na kulipaka bomba kila linapopita. Ukishindilia EP2 pale, sponji inaziba na haitanyonya oili tena. Nimefungua shokapu za namna hiyo nyingi: juu grisi tele, bushi zimeungua kwa ukavu.

Kwa hiyo grisi ya beringi ibaki kwenye beringi.

Vumbi_la_Isimila (Iringa)
Shikamoo fundi. Naongezea kwenye oili, maana hapo ndipo watu wengi hukosea. Mtu anaona 0W-30 na 10W anadhani ya injini ndiyo nyepesi. Hapana. Namba za oili ya injini na za oili ya shokapu hazitoki kwenye kipimo kimoja. Tazama cSt, yaani kipimo cha uzito wa oili, kwa nyuzi joto 40: 0W-30 nyingi ziko juu ya 50, wakati 10W ya shokapu huwa karibu na 30. Yaani ya injini ndiyo nzito, na kwa kulainisha bushi huo uzito ndio tunaoutaka, kwa sababu utando unabaki kwenye bomba. RockShox wenyewe kwa miaka mingi waliandika 0W-30 kwenye maelekezo ya miguu ya chini. Fox, watengenezaji wengine wa shokapu, wana yao ya dhahabu ya uzito wa 20.

Mimi nimetumia zote mbili kwenye vumbi letu la Septemba. Ile 10W ilikuwa laini wiki ya kwanza, kisha ukavu ukarudi. 0W-30 sintetiki imekaa vizuri zaidi. Angalizo moja: naongelea miguu ya chini tu. Upande wa dampa, kile kifaa kinachopunguza kasi ya shokapu kupanda na kushuka, una oili yake ndani ya katriji iliyofungwa, usiuguse.

Mvua_Tukuyu
Dada Isimila yuko sahihi kwa vumbi, ila huku kwetu adui ni maji. Nikifungua baada ya masika oili inatoka rangi ya chai ya maziwa. Oili ya aina yoyote ikishachanganyika na maji haina kazi. Kiwanda kinasema oili ya miguu ya chini ibadilishwe kila saa 50 za kuendesha kwa RockShox. Mimi wakati wa mvua siendi zaidi ya 30. Afadhali oili ya kawaida inayobadilishwa mapema kuliko ya bei inayokaa mwaka mzima.

Baridi_Makete
Na ubaridi, jamani. Juni na Julai huku asubuhi kuna sakitu. Grisi nzito kwenye sili inakuwa kama nta, shokapu haisikii mawe madogo kabisa. Grisi za shokapu kama Slickoleum au Slick Honey zinabaki laini. Kopo dogo linadumu miaka, agizeni kwa pamoja.

Mteremko_Loleza
Fundi, shikamoo, na asanteni wote. Kwa hiyo 0W-30 kwa bushi na sponji, Slickoleum kwa midomo ya sili. Kiasi gani?

Fundi_Uyole
Marahaba. Tafuta jedwali la modeli na mwaka wa shokapu yako, kiasi kinatofautiana, mara nyingine hata mguu wa kulia na wa kushoto. Tumia bomba la sindano, usikadirie kwa macho. Ukizidisha, hewa ya ndani inakosa nafasi na shokapu inagoma mwisho wa mwendo. Toa hewa yote kabla ya kulegeza chochote. Safisha kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, petroli hapana. Sponji zioshe, zikauke, ziloweke oili mpaka zishibe. Grisi ni utando mwembamba tu, bushi usipake. Njoo Uyole nikupimie kijiko cha Slickoleum.

Mteremko_Loleza
Nimemaliza jana. Mguu wa kushoto haukuwa na tone, wa kulia ulitoa matope meusi. Bushi zimepona, bomba lina mkwaruzo mmoja mdogo juu, sili haifiki hapo. Leo asubuhi nimekandamiza usukani kwa kidole kimoja ikashuka bila kukwama, na bomba likaacha duara jembamba la oili.

Vumbi_la_Isimila
Duara hilo ndilo lenyewe. Ikikaa wiki bila kutumika, igeuze baiskeli juu chini dakika kumi kabla ya kutoka, oili irudi kwenye sponji.