Naomba ushauri: harusi nipige RAW au nibaki na JPEG?

Mpigapicha wa Uyole:
Wakuu, habari za jioni. Napiga picha za harusi, sendofu na ubatizo hapa Mbeya, huu mwaka wa pili. Tangu nianze natumia JPEG, yaani picha ambayo kamera imeshaikamilisha yenyewe, ndivyo nilivyofundishwa. Jumamosi nilikuwa na sendofu Tukuyu, chini ya turubai la bluu, na ukungu ukashuka saa nane mchana. Nyuso zote zimetoka samawati. Nikiongeza unjano kwenye kompyuta, ngozi zinakuwa za chungwa na gauni jeupe la binti linaonekana kama limechovywa kwenye chai. Mama yake kaniuliza, "Mwanangu, mbona tumekaa kama wagonjwa?" Imeniuma sana. Jumamosi hii nina harusi kanisani. Kadi ya kamera ni GB 32, laptopu RAM GB 4 tu. Nihamie RAW, ile data ghafi ya kamera? Natanguliza shukrani.

Fundi wa Gangilonga:
Pole sana ndugu yangu. Ukipiga JPEG, kamera inaamua papo hapo mwanga una rangi gani, inaipikia picha humo, kisha inatupa data iliyobaki. Unabakiwa na viwango 256 kwa kila rangi: nyekundu, kijani na bluu. RAW ya biti 14 ina viwango 16,384, na ule uamuzi wa rangi ya mwanga umeandikwa pembeni tu, unaubadilisha nyumbani bila kuharibu kitu. Sisi tuliotumia filamu tunasema RAW ni negativu, JPEG ni picha iliyokwisha kusafishwa. Harusi hairudiwi. Tunza negativu.

Kijana wa Mwanjelwa:
Mkuu, mimi ubatizo na pasipoti napiga JPEG na sijutii. Mteja anataka picha jioni ileile WhatsApp, ambako zinabanwa tena. Kamera ya megapikseli 24, faili moja la RAW ni kama MB 25 hadi 30, hiyo kadi yako inajaa kwenye picha elfu moja hivi. Bado hujakaa kuzihariri.

Dada wa Makambako:
Kaka, kamera nyingi zina sehemu ya kurekodi RAW na JPEG kwa pamoja. Washa hiyo. Chagua picha kwa kutumia JPEG, halafu fungua RAW za zile zenye shida tu; hapo hata laptopu yako itamudu. Programu za kufungulia RAW, RawTherapee na darktable, ni za bure. Ongeza kadi ya pili, yenye kasi, maana maharusi wakiingia ukibonyeza mfululizo kamera inakwama ikisubiri kuandika. Na shela lililoungua kabisa kwa mwanga kupita kiasi hata RAW hairudishi, kwa hiyo linda weupe wa shela kwanza, nyuso utazinyanyua baadaye.

Mpigapicha wa Uyole:
Asante dada, asanteni wakuu. Na hizi za Tukuyu ndiyo basi?

Dada wa Makambako:
Hapana. Fanyia kazi nakala, usiguse za mwanzo, kwa sababu kila ukihifadhi JPEG upya inapoteza kitu. Punguza bluu kidogo kidogo, ukiangalia ngozi na si gauni. Zitakazogoma, zigeuze nyeusi na nyeupe, uzichape vizuri umpelekee yule mama mwenyewe, kwa mkono.

Mpigapicha wa Uyole:
Kesho asubuhi napanda gari la Tukuyu. Kadi ya pili nanunua leo.