MREJESHO: Binti yangu aliyeacha kusikia baada ya homa ya uti wa mgongo

Habari za siku nyingi wakuu. Mwezi wa pili niliuliza kama ile tiba ya jeni iliyowapa watoto usikivu China na Marekani ingemfaa binti yangu wa miaka minne. Nimerudi.

Aliyeniambia nisipoteze muda nayo alikuwa sahihi. Daktari alinieleza kuwa matibabu yale yaliyotangazwa 2024 ni ya waliozaliwa na hitilafu ya jeni moja tu, OTOF. Wangu aliharibiwa na maambukizi.

Mliosema "wahi kipimo cha CT", Mungu awabariki. Kumbe baada ya homa ya uti wa mgongo koklea (kile kiungo cha kusikia ndani kabisa ya sikio) huweza kugeuka mfupa, na ikishajaa, waya wa kile kifaa cha kusikia kinachopandikizwa kwa upasuaji haupiti. Sikio la kulia tumechelewa. La kushoto bado lina nafasi, tupo kwenye foleni, na hela haijatimia (bado sana!).

Shimesikio (kile kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni) haijasaidia kama nilivyotarajia. Anasikia ngoma na mlango ukibamizwa, maneno hapana. Tena mwanzoni ilipiga filimbi wiki tatu kwa sababu kile kiplastiki cha sikioni kilikuwa kinapwaya. Tulipotengenezewa kingine ikatulia.

Kilichotuokoa ni lugha ya alama, ushauri nilioupuuza. Dada uliyeutoa, nisamehe. Kila Jumamosi tunafundishwa na mwalimu ambaye mwenyewe ni kiziwi. Bibi wa binti yangu ametupita wote, sasa yeye na mjukuu wake wanatusengenya mezani hatuambulii kitu.

Ahsanteni sana. Akishafanyiwa upasuaji nitarudi.