Mkataba wa ada kabla ya usajili: uandikwe vipi ili usiwe karatasi tu?

Mhasibu_Nyegezi
Wakuu, salaam. Chuo cha kati cha binafsi hapa Mwanza kinataka kuanzia Oktoba kila mwanafunzi asaini mkataba wa kulipa ada kabla hajasajiliwa. Ada ni 1,400,000 kwa mwaka, awamu mbili: Oktoba na Machi. Rasimu iliyopo imenakiliwa kutoka fomu ya chuo kimoja cha Marekani. Mwanafunzi anasaini peke yake, akichelewa anabebeshwa gharama za wakusanya madeni hadi asilimia 33, na deni linaitwa mkopo wa elimu usiofutika hata mtu akifilisika. Wazazi wengi ni wavuvi na wakulima wa Ukerewe, Sengerema, Magu na Kwimba. Asaini nani? Faini iwe kiasi gani? Na awamu zikae vipi?

Wakili_wa_Nyamagana
Mkuu, hiyo rasimu iwekeni kando. Kile kifungu cha kufilisika kipo kwa sababu sheria ya Marekani inayatenga madeni mengi ya elimu na madeni mengine mtu anapotangaza kufilisika, na vyuo vya kule vinaandika hivyo ili ada isiyolipwa ihesabiwe humo. Hapa kwetu ni mapambo. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, anayesikiliza madai ya mkataba yasiyozidi milioni 30, hatakitumia popote.

Asilimia 33 nayo haitawasaidia. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74: kiasi cha adhabu kilichotajwa kwenye mkataba ni kikomo tu. Mahakama inatoa fidia inayofaa isiyozidi hapo, kwa hiyo mkiandika kubwa mno mtakatwa na bado mtakuwa mmewatisha wazazi bure. Andikeni gharama mnayoweza kuionyesha kwa risiti.

Sasa nani asaini. Kifungu cha 11 kinataka mwenye kuingia mkataba awe ametimiza umri wa utu uzima, yaani miaka 18. Waliomaliza kidato cha nne wengi wanakuja na 17. Sahihi ya mtoto huyo haimfungi, na ukimweka baba kama mdhamini tu, wakili wake atauliza: mdhamini wa deni lipi, ikiwa deni lenyewe halipo? Kwa hiyo mzazi asaini kama mdaiwa mkuu. Mwanafunzi aliyefikisha 18 asaini naye, wadaiwe kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Maneno hayo ya mwisho yaandikwe wazi, msiyaache yakisiwe.

Mambo mengine ambayo watu husahau:
- Ushuru wa stempu. Mkataba upigwe stempu ndani ya siku 30 tangu kusainiwa. Usipopigwa, mahakama haiupokei kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu vilipwe.
- Ada ikipanda mwaka wa pili na mdhamini, kama yupo, hakuridhia, ana hoja ya kujitoa. Jedwali la malipo lisainiwe upya kila mwaka, ukurasa mmoja unatosha.
- Mzazi asiyesoma: asomewe kwa lugha anayoielewa, Kisukuma au Kikerewe, aweke dole gumba, na aliyemsomea aandike jina lake na kusaini kwamba amefanya hivyo. Shahidi asiwe mtumishi wa ofisi ya uhasibu.

Ukomo wa kudai deni la mkataba ni miaka 6. Anayemaliza bila kulipa msimwache mpaka mwaka wa saba ndipo mkumbuke faili.

Mwalo_Igombe
Wakili kamaliza ya sheria. Ila mkataba mzuri wenye tarehe mbaya haulipwi. Oktoba na Machi ni tarehe za mwajiriwa wa serikali.

Mkulima wa pamba anapata fedha kuanzia Mei msimu wa ununuzi ukifunguliwa, wa mpunga naye anavuna Mei hadi Julai. Machi yuko shambani, ghala tupu. Ukimwandikia 700,000 ya Machi umemwandikia kushindwa. Afadhali alipe 900,000 kabla ya kusajiliwa, na apewe kumbukumbu namba ya malipo Julai, mara tu anapochaguliwa, fedha ikiwa bado mkononi. Zile 500,000 ziwekwe katikati ya Juni, kabla ya mitihani ya muhula wa pili. Kwa mkulima, Julai na Oktoba si kitu kimoja kabisa: hapo katikati kuna harusi, kuna bati, kuna ng'ombe.

Mvuvi wa dagaa ni hesabu nyingine. Anavua usiku wa giza, mbalamwezi ikikolea mitumbwi inakaa nchi kavu. Kipato ni cha kila mwezi, kidogo kidogo, kwa hiyo 140,000 kwa miezi 10, Oktoba hadi Julai, inalipika kuliko 700,000 ya mkupuo. Msimfunge kwenye tarehe moja. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu. Tarehe iliyoangukia giza mwaka ukianza, mwaka ukielekea kwisha inaweza kuangukia mbalamwezi. Mpeni dirisha la siku 10, tuseme tarehe 5 hadi 14, na faini ianze baada ya dirisha kufungwa. Wa sangara hategemei sana mbalamwezi, huyo akubaliane na tarehe yoyote.

Anwani nayo. Mvuvi huhama mwalo, yaani ufukwe anaotia mtumbwi, kufuata samaki, leo Kome, kesho Ukara. Andikeni kijiji cha nyumbani, kata, jina la mwenyekiti na muhuri wake, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) yenye tarakimu 20, na simu mbili, ya pili iwe ya ndugu asiyevua.

Mhasibu_Nyegezi
Shukrani sana. Jambo la namba ya malipo: benki imetupa namba moja kwa kila mwanafunzi. Inatosha? Na wenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya serikali?

Dawati_la_Mikopo
Inatosha ikiwa imetengenezwa kupokea malipo ya sehemu. Ikifungwa kwenye kiasi kamili, mzazi akituma 140,000 kwa simu muamala unakataa, naye anarudi kwenye desturi ya kumtumia mwanafunzi taslimu, na hapo ndipo ada inapoyeyuka. Angalieni pia tarehe ya mwisho ya namba ipite Julai.

Mikopo: tangu 2023/24 Bodi inakopesha pia stashahada, lakini kwa fani zilizotajwa tu. Fedha ya ada inaingia akaunti ya chuo, ya chakula na malazi inakwenda kwa mwanafunzi. Majina hutoka kwa awamu na chuo huwa kimeshafunguliwa, tena aliyepangiwa anaweza kupewa sehemu tu ya ada. Andikeni hivi: "Deni la mwanafunzi ni ada yote ukiondoa kiasi kilichothibitishwa na Bodi. Kiasi ambacho mwanafunzi hakukithibitisha kwa kusaini ndani ya muda uliowekwa na kikarejeshwa Bodi, kinabaki kuwa deni lake." Sentensi ya pili ndiyo huleta ugomvi. Mwanafunzi akipuuza kusaini, fedha inarudi, halafu mzazi anaambiwa anadaiwa na anaona ameibiwa.

Bugarika_01
Mnazunguka tu. Zuieni namba ya mtihani, watalipa.

Wakili_wa_Nyamagana
Wengine hulipa, wengine huacha chuo, na aliyeacha ndiye mgumu kudai kuliko wote. Mkataba useme ada inaanza kudaiwa lini na anayeondoka anadaiwa nini: kwa mfano, akiandika barua kwa msajili ndani ya wiki 3 za mwanzo anadaiwa robo ya ada ya muhula, baada ya hapo muhula mzima. Kutokuonekana darasani si barua. Anayeahirisha kwa ugonjwa, alicholipa kihamie mwaka unaofuata.

Na majina ya wadaiwa kwenye ubao wa matangazo, acheni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023. Mkitaka kumpa wakala wa kukusanya madeni taarifa za mzazi, kifungu cha kuruhusu hilo kiwe ndani ya mkataba, kwa maandishi ya ukubwa uleule wa mengine.

Mhasibu_Nyegezi
Sawa wakuu. Naandaa majedwali matatu: la mkulima, la mvuvi, la mwenye mshahara. Mzazi atachagua moja na kusaini chini yake. Nikimaliza nitaleta hapa mlikague.