Swichi ya siri kwenye pikapu kuukuu: nikate starta, dizeli au betri?

BabaMiche
Wakuu, habari za jioni. Nina Hilux ya mwaka 1994, dizeli ya 3L, gia za mkono. Haina imobilaiza, ile ya kuzuia injini isiwake bila ufunguo wake, haina king'ora, na mlango wa dereva unafunguka kwa ufunguo wowote uliolika meno; nimejaribu hata wa kabati. Nashusha sukuma Marikiti siku nne kwa wiki, natoka Ruai saa tisa usiku, na gari hulala nje ya ploti. Wiki jana jirani ameamka akakuta alama za matairi tu. Bima yake ni thadi pati, kwa hivyo hakuna wa kumlipa.

Nimeuliza, na kila fundi anasifu chake. Mmoja anataka kukata waya wa starta, wa pili anasema nizimie dizeli pale kwenye pampu, wa tatu ananiuzia kitasa cha kuzungusha juu ya betri, na kijana wa duka la simu ananisukumia traka. Pesa niliyo nayo ni ya kitu kimoja, labda viwili vidogo. Mngeanzia wapi?

Kaka_wa_Umoja
Betri. Unazungusha kitasa, unakitia mfukoni, unalala. Mambo mengine ni ya kuwatajirisha mafundi.

DerevaMstaafu
Starta, mwanangu. Nimeendesha pikapu tangu Kirinyaga Road ikiitwa Grogan na kila mtu, na wengine bado tunaiita hivyo. Ukikata starta, gari likishawaka halikuzimikii njiani hata swichi ikiharibika. Hilo peke yake linanitosha.

FundiWaya
Mzee wangu hapo juu, shikamoo. Umesema kweli, ila nusu. Waya mwembamba unaotoka kwenye ufunguo kwenda starta ndio salama zaidi kukata, kwa sababu hiyo hiyo uliyotaja. Lakini hii ni gari ya gia za mkono. Wawili wakisukuma hatua kumi, wa tatu akaachilia klachi akiwa gia ya pili, imewaka. Asiyetaka jasho anaingia uvunguni na bisibisi, anaunganisha vichwa viwili vya starta. Sisi wenyewe betri ikilala tunasukuma hivyo mbele ya watu sokoni. Mwizi alijifunza wapi?

Sasa sikiliza habari ya dizeli. Haina cheche. Ikishawaka, kitu cha umeme kinachoiweka hai ni kimoja tu, solenoidi iliyo kwenye pampu ya dizeli. Ukifungua ufunguo inapata volti 12, inavuta kipini, dizeli inapita. Umeme ukikatika, springi inarudisha kipini na injini inazima. Ukiweka swichi yako kwenye waya huo, wasukume mpaka Kayole, haiwaki. Solenoidi hainywi umeme mwingi, kwa hivyo swichi ndogo inatosha, hata rilei, ile swichi ya umeme ya kubeba mzigo mkubwa, huhitaji.

Ubaya wake ni kwamba waya ni mmoja na uko wazi. Anayejua dizeli atavuta kipande cha waya kutoka kwa betri, aguse kichwa cha solenoidi, na safari imeanza. Ndiyo maana dizeli fulani za Ulaya zilitoka kiwandani zimevishwa kofia ya chuma pale juu. Wewe mwambie mchomeleaji akukatie kibati kinene, ukifunge kwa boliti ambazo spana ya kawaida haishiki. Atakifungua akitaka, lakini itakuwa kazi ya robo saa, boneti wazi, tochi mdomoni, mbwa wa ploti wanabweka.

Kuhusu betri: hicho kitasa hata mimi nakiuza, lakini mwizi akiinua boneti ndicho cha kwanza anachokiona, na kipande cha kebo kinamaliza habari. Halafu usije ukakizungusha injini ikiwa inanguruma. Utaunguza daiodi za altaneta, uje kwangu unilaumu.

MamaDatsun
Hayo ya dizeli ni yenu. Mimi nina Datsun 1200 ya petroli, inabeba mitungi ya maziwa Githurai. Fundi wangu hakukata waya wowote. Aliongeza mmoja, kutoka upande hasi wa koili, ile inayotengeneza umeme wa cheche, mpaka kwa swichi, na kutoka hapo mpaka kwenye bodi. Nikiibonyeza, koili inabaki imeshikwa chini na cheche hakuna. Starta inazunguka vizuri kabisa, mtu anadhani kabureta imelewa petroli. Na akivuta umeme wa betri mpaka kwa koili, bado bure, kwa sababu shida haiko upande huo.

FundiWaya
Dada, huyo fundi wako umtunze. Hiyo ni mbinu ya gari lenye pointi, vile vidude vya kukata na kuunga umeme wa koili, ndani ya distribyuta. Kwa zile za moduli ya elektroniki, uliza kwanza kabla ya kugusa. Na usiache ufunguo umewashwa huku swichi imeshikilia, koili itachemka.

Kaka_wa_Umoja
Na koki kwenye mpira wa dizeli? Unafunga, basi. Hakuna waya wa kuvutwa.

FundiWaya
Itawaka, kaka. Itatumia dizeli iliyobaki kwenye filta na mipira, iende kidogo, izime. Pengine mita mia kadhaa, pengine katikati ya Outer Ring. Gari litapatikana, sawa, ila wewe ndiye utakayekuja kutoa hewa kwa kupampu, na pampu yenyewe inalainishwa na dizeli hiyohiyo, haipendi kukaushwa. Mkulima anayetoka saa tisa usiku na usingizi machoni ataisahau mara ya kwanza wiki hiyohiyo.

Mto_wa_Mawe
Traka msiipuuze, lakini mjue inafanya nini. Haizuii wizi. Inakwambia gari liko wapi, mradi laini ina data, kuna mtandao, na hawajabeba kizuia mawimbi. Yangu ililala miezi miwili bila data nami nikijidanganya nina ulinzi.

Na ile ya kuzima injini kwa ujumbe wa simu, mwe makini. Fundi mmoja, simtaji, alinifungia rilei yake kwa kusokota nyaya na kuzungushia teipu. Ikaachia Mombasa Road, lori liko nyuma yangu. Usukani ukawa jiwe, breki nikakanyaga mara mbili zikawa ngumu. Nilifika kando ya barabara kwa neema tu. Kifaa cha maana kinasubiri mwendo ushuke ndipo kikate.

FundiWaya
Hapo kwa teipu umenigusa kidonda. BabaMiche, yeyote atakayekufungia, waya uchomwe kwa risasi na uwe na fyuzi. Upitishwe ndani ya fungu la nyaya za zamani, na uwe umefifia kama wenzake. Waya mwekundu unaong'aa ndani ya gari la miaka thelathini ni sawa na kumwekea mwizi mshale. Swichi isikae chini ya dashibodi karibu na goti la dereva, kila mtu anaanzia hapo. Tumia kitufe ambacho tayari kipo na hakifanyi kazi.

Jambo lingine ni watu. Fundi, turuboi, kijana wa kuosha gari, dereva wa akiba: hesabu wangapi watajua. Gari langu mwenyewe nililifungia swichi usiku, peke yangu. Ukipeleka gereji, iache swichi mahali ambapo gari linawaka kama kawaida, na wakiuliza kitufe kile ni cha nini, ni cha taa ya ukungu iliyokufa.

DerevaMstaafu
Hapo kwa kusukuma umenishinda, fundi. Nakubali. Hata hivyo starta naiacha, mguu wangu umeizoea.

BabaMiche
Nimerudi baada ya siku tisa. Nimefunga solenoidi pamoja na kibati. Swichi na waya havikufika elfu moja, kibati na kuchomelea ndivyo vilivyonikamua. Traka itangoja sukuma ipande bei. Jana nilimpa mama watoto ufunguo nikamwambia aliwashe. Alizungusha starta mpaka akaniuliza kama nimeuza injini.

FundiWaya
Hongera. Ulijaribu kusukuma?

BabaMiche
Nilisukuma na vijana wawili wa ploti kutoka getini mpaka kwa kinyozi. Imekataa kabisa.

MamaDatsun
Baba Miche, sasa hao vijana wawili umewaambia nini?