Kitambaa cha msichana wa shule, Biblia ya familia au daftari la mji: kipi kinaaminika?

MwanaTanga
Salaam wanajamvi. Ukoo wa mume wangu ni wa Massachusetts. Mama mkwe ametukabidhi kitambaa cha kitani kilichotariziwa na msichana wa shule miaka ya 1820: juu wazazi wake na tarehe ya ndoa, chini watoto wote na siku walizozaliwa. Biblia ya familia ina orodha ileile, ila mtoto wa tatu kitambaani ni wa 1803 na kwenye Biblia ni wa 1808. Nishike kipi? Au niende kwenye daftari la mji?

Mzee_Nyaraka
Binti yangu, tazama kwanza Biblia hiyo ilichapwa mwaka gani. Ikiwa ilichapwa baada ya watoto kuzaliwa, basi tarehe zilinakiliwa baadaye. Mwandiko mmoja na wino mmoja kwa watoto wote unaonyesha hivyohivyo. Mimi ningeanza na daftari. Miji ya Massachusetts iliandikisha vizazi, ndoa na vifo tangu karne ya 17.

SaidaM
Shikamoo mzee. Daftari nalo lina mapengo: karani alingoja mzazi aje, na wapo walioandikisha watoto kadhaa kwa mkupuo. Sensa ya Marekani ndiyo kabisa. Hadi 1840 ilitaja mkuu wa kaya tu, mke na mabinti wakabaki hesabu. Majina ya watu huru wote yalianza 1850. Kitambaani mama yupo kwa jina la ukoo wake, na vichanga waliofariki wamo. Kwa hilo naona hakina mpinzani.

Hata serikali ilivipokea. Sheria ya 1836 iliporuhusu wajane wa askari wa vita vya uhuru kudai pensheni, ilibidi wathibitishe ndoa. Wengi walichana kurasa za Biblia wakazituma, na wengine wakatuma vitambaa hivi. Baadhi bado vimo katika Nyaraka za Taifa, Washington.

FundiHariri
Dada Tanga, uzi ni wa rangi gani? Hariri nyeusi ya zamani ilitiwa rangi yenye chuma, na chuma huila hadi ikakatika. Nusu ya 8 ikidondoka, unasoma 3. Tafuta matundu ya sindano upande wa kushoto wa tarakimu. Pia kuna wanawake waliofumua mwaka wao wa kuzaliwa ili umri usijulikane, lakini hao kwa kawaida walitoa tarakimu nzima.

MwanaTanga
Ni mweusi! Ila kimegandishwa kwenye kadi ngumu, nyuma sioni.

FundiHariri
Usikibandue wala usikifue. Zima taa, mulika tochi kutoka ubavuni, piga picha ya karibu. Matundu yatatoa vivuli. Kukibandua mwachie mhifadhi wa nguo wa makumbusho.

Mzee_Nyaraka
Na linganisha na ndugu waliomtangulia na kumfuata. Kama wa nne ni wa 1805, basi 8 haiwezekani, na kosa liko kwenye Biblia.